Usitoe betri kwanza: sevu za gemu za zamani zinakaa wapi na unaziokoaje

Swali la msomaji kwa ufupi: ana Game Boy Color na kaseti ya Pokémon Gold, akisevu gemu inakubali vizuri kabisa, ila akizima na kuwasha kesho yake hamna kitu, inaanza upya. Ana pia SNES (Super Nintendo) yenye kaseti ya Zelda, A Link to the Past, na humo bado imo sevu ya kaka yake ambaye sasa ni marehemu. Anauliza kama kaseti ya Pokémon ndo imekufa, kama abadilishe betri za kaseti zote mbili kwa pamoja, na kama memori kadi za PlayStation nazo zina betri. Mwisho ameuliza kama kuhamia kwenye emuleta, yaani programu ya kompyuta au simu inayoiga mashine ya gemu, kutammalizia hii shida.

Ndugu yangu, pole sana kwa kufiwa na kaka. Naanza na Zelda kabla ya kitu kingine chochote maana ndo yenye haraka. Hiyo kaseti usiifungue, usiitoe betri, na usimpe fundi atakayekwambia nabadilisha chapu tu unasubiri hapo hapo. Sevu ya kaka yako ipo mpaka leo kwa sababu ya hiyo betri iliyomo ndani, siku ikitoka na sevu imeenda nayo, na hakuna programu wala fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo unakopi sevu kwanza, ukishahakikisha kopi ni nzima ndo unaongelea betri.

Ukijua ndani mna nini utaelewa kwa nini nasisitiza. Kaseti ya SNES au ya Game Boy ina bodi ndogo yenye chipu chache, chipu moja imebeba gemu yenyewe, hiyo imeandikwa kiwandani na haifutiki hata kaseti ikae kabatini miaka 30, ila na wewe huwezi kuandika kitu humo. Sasa sevu itakaa wapi, wakaweka chipu ya pili inaitwa SRAM, hii unaiandika na kuifuta mara nyingi unavyotaka na iko haraka, tatizo lake ni moja tu, umeme ukikatika inasahau kila kitu. Mashine ikiwa imewashwa SRAM inatumia umeme wa mashine, ukizima inahamia kwenye kibetri cha duara cha volti 3 kilicholehemiwa pale kwenye bodi. Na inakula kidogo mno, chukulia maikroampia 1 au 2. Betri ya CR2032 ina kama miliampia-saa 220, piga hesabu, kwa maikroampia 1 unapata kama miaka 25, kwa maikroampia 2 unapata 12 na ushee. Ndo maana unakuta kaseti mbili za mwaka mmoja, moja bado ina sevu na nyingine ilishakufa kitambo, inategemea chipu iliyofungwa humo inakula kiasi gani, joto la mahali ilipokaa, na betri yenyewe ilivyokuwa tangu kiwandani. Na kuna watu wanadhani ukiicheza mara kwa mara betri inajichaji, hapana, CR2032 sio ya kuchaji, kinachotokea ni kwamba muda mashine imewashwa betri inapumzika, basi. A Link to the Past ilitoka Japani 1991 na Marekani 1992 kwa hiyo betri yako kama ni ile ile ya kwanza imeshapita umri ambao mtu anaweza kuutegemea, inaweza kuendelea miaka mitano na inaweza kuishia wiki ijayo.

Unaikopi vipi sasa. Kuna vifaa vya kusomea kaseti, unachomeka kaseti upande mmoja na USB ya kompyuta upande mwingine, au kifaa kinaandika kwenye kadi ya SD. Kwa SNES kuna Retrode, na kuna ule mradi wa wazi wa Sanni wa kisoma kaseti ambao unasoma mashine nyingi sana na unaweza kuununua umeshaunganishwa tayari. Kwa Game Boy na Game Boy Advance kinachotumika sana ni GBxCart RW, pia kuna GB Operator. Kama huna mpango wa kuwa na kaseti nyingi tafuta mtu mwenye hicho kifaa akusomee na wewe ukiwa pale pale, inatosha.

Kabla ya kuchomeka safisha meno ya kaseti, yale ya rangi ya dhahabu, kwa pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa. Hili usiliruke, mguso mchafu unaweza kukupa kopi yenye makosa, yaani unafurahi una faili kumbe nusu yake ni takataka. Ukishasoma mara ya kwanza soma tena mara ya pili bila kubadilisha chochote, alafu linganisha hizo faili mbili, zikifanana kila baiti uko salama, zikitofautiana safisha tena urudie. Sevu ya A Link to the Past ni KB 8 kamili, yaani baiti 8,192, na faili lake kwa kawaida linaishia na .srm. Ukubwa ukiwa sawa bado usishangilie, kaseti iliyokufa nayo inatoa faili la KB 8 hizo hizo, ila ndani limejaa sifuri au FF, yaani baiti ile ile moja inayojirudia, mwanzo mwisho. Kipimo cha kweli ni kulifungua kwenye emuleta, unalipa jina sawa na faili la gemu, unawasha, na kwenye ukurasa wa kuchagua faili unaona jina alilojiandikia kaka yako pamoja na mioyo yake. Ukishaliona hilo weka kopi sehemu tatu tofauti, kwenye kompyuta, kwenye flashi ya USB na kwenye hifadhi ya mtandaoni, KB 8 hazijazi popote.

Wakati unasubiri kupata kifaa, iwashe mara moja tu, piga picha ya ule ukurasa wa faili, zima, iweke kando mahali pasipo na joto. Usiicheze. Hiyo gemu ina jambo zuri ambalo wengi hawalijui, kila faili katika yale matatu inalihifadhi mara mbili ndani ya SRAM na inapowaka inahakiki, kopi ya kwanza ikiwa na hitilafu inachukua ya pili. Inasaidia sana pale umeme unapokatika katikati ya kusevu. Betri ikiisha haisaidii kitu maana kopi zote mbili zinaishi kwenye chipu ile ile.

Hapo sasa ndo unaweza kubadilisha betri, na mi ningeshauri ubadilishe, maana ukishaweka mpya unairudisha ile sevu kwenye kaseti kwa kifaa kile kile na inaendelea kuishi ndani ya kaseti yake. Unahitaji bisibisi ya milimita 3.8 ile ya kichwa maalumu, ya kawaida haifungui. Betri nunua yenye miguu ya bati iliyochomelewa kiwandani, usinunue betri tupu ukaanza kulehemu juu yake moja kwa moja, lithiamu ikipashwa moto inaweza kupasuka usoni. Angalia chanya na hasi imeandikwa wapi kwenye bodi kabla hujatoa ya zamani, piga picha. Na kuna ile staili ya kubana betri kwa gundi ya utepe bila kulehemu, naipinga kabisa, inafanya kazi siku ya kwanza, siku kaseti inaanguka mezani mguso unaachia sekunde moja na sevu inapotea, na wewe utadhani betri mpya ni mbovu. Wapo pia wanaobadilisha betri kaseti ikiwa imechomekwa na mashine imewashwa ili SRAM isikose umeme, inawezekana na watu wamefanikiwa, ila chuma cha moto juu ya bodi yenye umeme unateleza kidogo tu umeunguza chipu. Kwa sevu ya marehemu usijaribu, na ukishakuwa na kopi huna sababu ya kujaribu.

Tuje Pokémon Gold. Kaseti yako haijafa, dalili ulizotaja ni betri imeisha, na hii imeisha mapema kwa sababu inayojulikana. Gold na Silver, zilizotoka Japani 1999, ndani zina saa inayotembea muda wote hata Game Boy ikiwa imezimwa, ndo maana kunakuwa usiku na mchana na siku za wiki ndani ya gemu. Hiyo saa ina kristali inayopiga mara 32,768 kwa sekunde na inakula betri ile ile inayolinda sevu. Kwa hiyo betri moja ina kazi mbili, ndo unakuta kaseti nyingi za Gold, Silver na Crystal zimekufa sevu wakati Red na Blue ambazo ni za zamani zaidi na hazina saa bado zinadunda. Humo kwenye Gold kwa kawaida betri ni CR2025, kwenye Red na Blue mara nyingi ni kadogo zaidi, CR1616, lakini usiende kwa kukariri, fungua usome namba iliyochorwa juu ya betri yako ndo ununue hiyo. Kwa kuwa hii sevu imeshapotea huna cha kukopi, unabadilisha betri moja kwa moja. Ukiwa na maltimita pima kwanza, betri nzima inasoma 3 au juu kidogo, ikisoma chini ya 2.5 imekwisha. Ikisoma 3 safi na sevu bado inapotea basi kuna kingine, lehemu imeachia au kaseti ni feki. Gold feki zimejaa, ukifungua ukakuta badala ya chipu za kawaida kuna tone jeusi la gundi gumu, jua ni feki, na baadhi yake hata betri hazikuwekewa tangu mwanzo.

Hapa niweke moja maana najua utalikuta. Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald za Game Boy Advance zikiwaka zinaandika ujumbe kwamba betri ya ndani imekwisha, na watu wanapata presha wanauza kaseti kwa bei ya kutupa. Zile sevu yake iko kwenye chipu ya flashi isiyohitaji umeme kabisa, betri ni ya saa peke yake, gemu inachezeka na sevu iko salama, kinachosimama ni matukio yanayotegemea saa, mfano matunda uliyopanda hayakui tena. Ukikuta mtu anaiuza kwa sababu hiyo, nunua.

Kwa wenye NES, ile Nintendo iliyotangulia SNES: mle kuna utaratibu wa kushikilia kitufe cha RESET wakati unazima POWER, na kwenye Zelda ya kwanza wameuandika kabisa. Watu wanauchukulia kama ushirikina ila una sababu. Ukizima, umeme hauondoki mara moja, unashuka, na katika kushuka prosesa inaweza kuchanganyikiwa na kuandika uchafu kwenye SRAM ambayo bado inapokea umeme wa betri. Ukishikilia RESET prosesa inakuwa imesimamishwa, haiandiki kitu. Kaseti za SNES nyingi zina kachipu kanakolinda SRAM umeme ukishuka, kwa hiyo huko huna haja. Ila kwenye NES we shikilia.

PlayStation sasa. Memori kadi yake haina betri, ni flashi, ina KB 128 zilizogawanywa vyumba 16 vya KB 8 kila kimoja, kimoja ni cha orodha na 15 ndo vya sevu, kimoja au zaidi kwa kila sevu kutegemea gemu. Inaweza kukaa miaka bila umeme. Ila isikufanye ujiachie, kadi hizi zinakufa kwa njia nyingine, mtu anaichomoa wakati inaandika, au meno yamechafuka, au ni zile kadi za bei rahisi zilizoahidi vyumba vingi kuliko kawaida kwa kubana data au kwa kitufe cha kubadilisha kurasa, hizo za kubana mi siziamini kwa sevu yoyote ninayoipenda. Kukopi ni rahisi kuliko kaseti, washa PlayStation bila CD uingie kwenye menyu ya memori kadi, unahamisha kutoka kadi ya tundu la kwanza kwenda ya tundu la pili. Ukiwa na PlayStation 2 unaweza kuhifadhi sevu za PlayStation 1 ndani ya ile kadi ya MB 8, lakini gemu za PS1 hazitaisoma kutoka humo, ni stoo tu, ukitaka kucheza unairudisha kwenye kadi ya PS1. Na kupeleka kwenye kompyuta kuna adapta ya USB ambayo Sony waliitoa kwa ajili ya PS3, inasoma kadi za PS1 na PS2.

Lakini usichukue hiyo ya PlayStation ukasema basi mashine zote za kipindi hicho ziko hivyo. Nintendo 64 ni vurugu tupu, Super Mario 64 inasevu kwenye EEPROM ndani ya kaseti, baiti 512 tu na haina betri, Ocarina of Time ya 1998 ina SRAM na betri, Majora's Mask ya 2000 ina flashi haina betri, alafu kuna Controller Pak inayochomekwa nyuma ya pedi, KB 32, yenyewe ina betri. Kwa hiyo kwenye N64 lazima ujue gemu moja moja. Sega Saturn sevu zinakaa ndani ya mashine, KB 32, zinalindwa na CR2032 iliyo nyuma kwenye kimlango, angalau unaifungua kwa mkono, na mashine ikianza kukuuliza lugha na tarehe kila ukiwasha ujue betri imekwisha na sevu hazipo. Dreamcast ile kadi yake yenye kioo, VMU, inapiga kelele betri zikiisha na watu wanadhani sevu zimekwenda, hapana, ziko kwenye flashi, betri ni za kile kioo na saa. Na kwenye Mega Drive kuna Sonic 3 ya 1994, waliweka chipu ya aina ya FRAM ambayo inakumbuka bila betri, natamani wote wangefanya hivyo ila ilikuwa ghali.

Kabla ya betri kulikuwa na paswodi, na nitazitaja kwa sababu ndo sevu pekee za zamani ambazo hazina cha kuharibika. Metroid ya NES inakupa herufi 24, kila herufi inabeba biti 6, jumla biti 144, humo mna silaha zako, milango uliyofungua, na sehemu ya kuhakiki kwamba hujakosea kuandika. Dragon Quest II ya 1987 ilifika mpaka herufi 52, ukikosea moja hamna kitu. Kama kaka yako aliacha daftari lenye mistari ya herufi zisizoeleweka, usilitupe, jaribu kuziingiza kwenye gemu zake za NES, inawezekana kabisa ni sevu zake na zitafanya kazi leo kama siku alipoziandika.

Kuhusu emuleta, ndio itakurahisishia, ila kuna vitu viwili mle watu wanavichanganya na vinawaumiza. Kuna sevu ya gemu yenyewe, ile unayofanya ndani ya gemu, hiyo ni lile faili la .srm au .sav, ni nakala ya kile ambacho kingekuwa kwenye SRAM, ukiihamisha kwenda emuleta nyingine au kuirudisha kwenye kaseti halisi inakubali. Alafu kuna ile picha ya hali ya mashine nzima unayopiga kwa kitufe kimoja popote ulipo, hata katikati ya kuruka shimo. Hiyo ya pili ni tamu, naitumia kwenye gemu ngumu bila aibu yoyote, lakini imefungwa na emuleta iliyoitengeneza na mara nyingine hata na toleo lake, unaapdeti programu na inakataa kufunguka, na kwenye kaseti halisi haiendi kabisa. Pia ukifungua picha ya hali ya zamani inarudisha na SRAM ya siku ile, ukisevu ndani ya gemu baada ya hapo umefuta sevu yako mpya kwa ya zamani. Kwa hiyo zoea kusevu ndani ya gemu kila unapomaliza, hata kama una picha za hali.

Kingine, emuleta nyingi haziandiki lile faili la sevu kwenye diski pale pale unaposevu, zinasubiri ufunge gemu vizuri. Kwenye RetroArch inaweza kuwa hivyo kutegemea toleo na kifaa, simu ikizima ghafla au programu ikifungwa kwa nguvu unapoteza ulichosevu wakati uliona kabisa gemu imekwambia imehifadhi. Kuna mpangilio wa kuiandika yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, uko kwenye mipangilio ya kuhifadhi, iweke sekunde 10 na usahau. Baadhi ya zile kaseti za kuwekea kadi ya SD nazo ziko hivyo, hasa matoleo ya zamani, sevu inahamia kwenye SD pale tu unapobonyeza riseti kurudi kwenye menyu, ukizima moja kwa moja haijaenda. Soma maelezo ya toleo lako kabla hujaanza gemu ndefu. Na ukifungua Pokémon ya Game Boy Advance ikakuandikia kwamba bodi ya 1M haijafungwa, usidhani faili la gemu ni bovu, ingia kwenye mipangilio ya aina ya sevu uweke flashi ya KB 128, uwashe gemu upya.